Mita Moja, Milango Kumi na Miwili

Mita ya maji haisomwi ukiwa umesimama. Hilo ndilo la kwanza, vijana wangu, na msipolishika, mengine yote nitakayowaambia ni bure. Utapiga magoti, utaweka kitabu chini, utafuta kioo kwa kidole gumba, kisha utasoma. Ukisoma ukiwa wima kwa sababu suruali yako ni mpya, tatu utaiona nane, na mwisho wa mwezi kuna mama atakuja ofisini akilia kwa ajili ya hiyo suruali.

Mimi naitwa Kavutha. Nilisoma mita za maji mjini Kitui miaka mingi mpaka watu wakasahau jina langu wakaniita Mama Mita. Sasa nimestaafu, niko nyumbani Tawa, upande wa Makueni, nafuga kuku na kugombana na ndege wanaokula mapapai yangu. Juzi binti mmoja aliyeajiriwa karibuni katika ofisi yetu ya zamani alinipigia simu. Akasema, "Susu, wewe ulisoma mita kabla sisi hatujazaliwa. Tuandikie kitu. Sisi tumefundishwa programu ya simu tu."

Kuitwa nyanya na mtu ambaye sijawahi kumwona kulinifurahisha siku nzima. Kwa hivyo naandika.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Nzioka, mtu mfupi, mkimya, mwenye koti moja la kaki ambalo nadhani alizaliwa nalo. Alikuwa fundi wa bomba kabla ya kusoma mita. Siku yangu ya kwanza alinipa kitabu, kalamu na bisibisi ndefu. Nikamuuliza bisibisi ni ya nini na mimi si fundi.

"Ya kusikilizia," akasema.

Nilidhani ananitania. Kumbe ukiweka ncha ya bisibisi juu ya bomba, na mpini ukaubana kwenye mfupa ulio mbele ya sikio, utasikia mambo. Mifereji yote ikifungwa, bomba lisilovuja hunyamaza kabisa. Bomba linalovuja chini ya ardhi huendelea kunong'ona. Jaribuni. Hiyo programu yenu ya simu haina sikio.

Alinifundisha pia habari za tarakimu, lakini siku hiyo nilikuwa nikitazama viatu vyangu. Tarakimu nyeusi ndizo yuniti, kila yuniti lita elfu moja, ndizo zinazoandikwa. Nyekundu ni vipande vidogo vya yuniti, unaziacha. Mimi nikaandika zote, nyeusi kwa nyekundu, kwa mwandiko mzuri ajabu. Mwisho wa mwezi mwalimu mmoja mstaafu akaletewa bili iliyosema kwamba yeye na mke wake wametumia maji ya kutosha mji mzima pamoja na ng'ombe wake. Alikuja ofisini amevaa suti ya kanisani. Hakupiga kelele. Aliweka bili mezani, akavua kofia, akasema, "Naomba mnionyeshe hii bahari iko upande gani wa boma langu, ili niwafundishe wajukuu kuogelea."

Ofisi nzima ilicheka isipokuwa mimi. Nilienda kwake kwa miguu kuomba msamaha. Akanisamehe, lakini kwanza akaniketisha akanifundisha hesabu za desimali kwa saa nzima, kwa chaki, kwenye mlango wa ghala.

Na kuna ile mita ya nyuki. Nyinyi mnaona kisanduku cha mita ni nyumba ya mita, lakini nyuki wa huku kwetu wana maoni tofauti. Kuna nyumba moja njia ya kwenda sokoni ambapo walihamia ndani ya kisanduku, wakajaa, na mimi kwa miezi mitatu nikawa nasimama mbali na kuandika makisio. Nikamwomba mwenye nyumba awaondoe. Akasema, "Mama Mita, asali yao inanipa faida kuliko maji yenu. Afadhali uondoe mita." Mzee Nzioka aliposikia kwamba nakisia, alinikemea kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Alisema anayekisia anatunga hadithi, na hadithi hailipiwi bili. Akaenda na moshi na gunia la kujifunika, akasoma mita, akarudi na uso umevimba kama mkate. Tangu siku hiyo sikukisia tena.

Sasa nije kwa bei, kwa maana ndilo swali binti yule aliniuliza hasa. Je, ni kweli bei ya maji ikipanda watu wa mjini hutumia maji kidogo? Ni kweli. Na pia si kweli. Ngojeni niwaambie nilichokiona, kwa sababu kwenye karatasi jambo hili linaonekana jepesi.

Nilipoanza kazi, nyumba nyingi za mji hazikuwa na mita. Kila nyumba ililipa kiasi kimoja kila mwezi, utumie usitumie. Unafikiri watu walifanyaje? Hakuna aliyefunga mfereji. Maji yalikuwa ya mgao, yanakuja siku chache kwa wiki, na watu waliacha mifereji wazi juu ya karai ili wakisikia karai linalia wajue maji yamefika. Kama hawakuwa nyumbani, karai lilijaa, likafurika, maji yakatoka nje yakaenda barabarani. Nilikuwa nikipita kwenye matope wakati wa kiangazi, huku kilomita chache tu nje ya mji akina mama wanachimba mchanga wa mto kutafuta kikombe kimoja.

Nilimwuliza mama mmoja kwa nini hafungi. Akanishangaa. "Nifunge kwani nitarudishiwa pesa?"

Hakuwa mtu mbaya. Bei ile ndiyo iliyomfundisha hivyo.

Halafu mita zikaja nyumba hadi nyumba. Hapo nikaona maajabu. Palikuwa na Bwana Mwanzia, aliyefanya kazi ya serikali, mtu mzuri lakini mwenye bustani. Bustani ile ilikuwa fahari ya mtaa. Maua ya waridi, nyasi za kijani mwezi wa Septemba, wakati ambapo hata mbuzi wa Kitui huanza kutafuna karatasi. Alikuwa anamwagilia kwa mpira asubuhi na jioni, akiimba. Bili yake ya kwanza ya mita nilimpelekea mwenyewe. Aliisoma akiwa ameshika mpira mkononi. Wimbo ukakatika.

"Mama Mita, hii ni bili ama ni hukumu?"

"Ni yuniti, Bwana Mwanzia. Umetumia hizi."

"Mimi nimetumia hizi? Kwani naoga na farasi?"

Nilimwomba afunge mifereji yote tukatazame pamoja. Hapa kuna jambo la kukumbuka: kwenye uso wa mita kuna kigurudumu kidogo kama nyota. Kila kitu kikiwa kimefungwa na nyota bado inazunguka, kuna mahali panavuja. Tulifunga, nyota ikasimama. Nikamwambia afungulie mpira wa bustani. Nyota ikazunguka kama imefukuzwa na mbwa. Bwana Mwanzia aliinama akaitazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ni waridi."

Mwezi uliofuata matumizi yake yalikuwa chini ya nusu. Alikuwa akioga amesimama ndani ya karai na maji yale akayapelekea maua. Mkewe aliniambia waridi zilinuka sabuni kuliko yeye. Kisha akaweka mabomba ya kukinga maji ya paa na tenki kubwa, na bustani ikarudi kuwa nzuri bila kugusa bomba letu. Alikuwa akinionyesha tenki lile kila mwezi kama mtu anayeonyesha mtoto aliyepita mtihani.

Kwa hivyo nikaamini. Bei inafunza, nilisema. Na ofisi ilipoleta bei ya ngazi, mimi ndiye niliyekuwa mhubiri wake mkuu. Bei ya ngazi ni hivi: yuniti chache za kwanza ni za bei ndogo, kwa sababu ni za kunywa, kupika na kuoga. Ukipita hapo unapanda ngazi, yuniti zinazofuata ni ghali kidogo. Ukipanda tena, ni ghali zaidi. Mwenye bustani na gari la kuosha atalipa kama mwenye bustani na gari. Mtu mdogo anabaki ngazi ya chini. Mchungaji wetu alinipa dakika tano wakati wa matangazo nieleze, mimi nikachukua ishirini. Nikasema kwa sauti ya kutosha kusikika nje: "Bei hii inamlinda mnyonge!" Watu wakasema amina.

Katika waliosema amina alikuwemo Syombua.

Syombua alikuwa mama wa watoto watatu, mrefu, mwepesi wa kucheka, anayepika muthokoi na kuuza karibu na stendi. Muthokoi wake ulikuwa mlaini, mahindi yamekobolewa vizuri, maharagwe hayajapasuka. Aliishi katika ploti ya Mama Ndanu, mjane aliyeijenga kwa jasho, chumba kimoja kimoja, mpaka vikawa vyumba kumi na viwili vimetazamana. Milango kumi na miwili, mfereji mmoja katikati ya ua, na mita moja kwa jina la Mama Ndanu. Maji yalikuwa ndani ya kodi.

Miezi miwili baada ya bei mpya, Mama Ndanu aliniita. Bili yake ilikuwa imepanda mara mbili na zaidi. "Hii ikiendelea," akasema, "nitafanya kazi ya kulipa maji ya watu mpaka nife."

Nilifanya nilivyofundishwa. Nikafunga mfereji, nikatazama nyota. Imesimama. Nikaweka bisibisi kwenye bomba, nikasikiliza toka lango hadi mfereji. Kimya. Basi hakuna panapovuja, nikajiambia, kuna mtu anatumia vibaya. Nikainua macho, na mbele yangu, kwenye mlango wa sita, palikuwa na sufuria kubwa kuliko zote nilizowahi kuona, imejaa mahindi yanayolowekwa.

Vijana wangu, hapa ndipo nilipokosea vibaya kuliko ile siku ya tarakimu nyekundu. Nilinyoosha kidole mbele ya wapangaji wote nikasema, "Mama Ndanu, usitafute mbali. Bili yako inanywewa na ile sufuria."

Syombua akaifunika sufuria yake. Jioni hiyo hiyo Mama Ndanu akaweka kufuli kwenye mfereji, ukawa unafunguliwa kwa muda mfupi tu saa moja asubuhi na tena saa moja jioni. Na akampa Syombua notisi ya kuhama mwisho wa mwezi.

Mimi sikujua habari ya notisi. Nilienda nyumbani nikala, nikalala.

Wiki tatu baadaye, nikiwa kazini, nikasikia mtu ananiita nyuma yangu barabarani. Alikuwa Syombua, amebeba sufuria tupu kichwani, anarudi kutoka stendi. Siku hiyo hakucheka.

"Mama Mita, naomba nikuulize kitu, na usikasirike."

"Uliza."

"Tangu siku ile uliponitaja, sijachota maji ya biashara kwa ploti hata tone. Nanunua ya mkokoteni, mtungi mmoja bei ya mitungi kadhaa ya mfereji. Faida yangu yote inaenda kwa mkokoteni. Wewe juzi umesoma mita. Imeshuka?"

Nilifungua kitabu. Ilikuwa imeshuka kidogo sana, yuniti moja na ushee. Bili ilikuwa karibu ile ile.

"Haijashuka," nikasema.

"Haya. Na kanisani ulisema mtu mdogo atalipa bei ndogo. Mimi na watoto wangu tunaoga kwa karai moja, tunafuatana. Mbona Mama Ndanu anaambiwa alipe kama daktari wa kule juu mwenye bustani?" Akashusha sufuria chini. "Mwisho wa mwezi natoka. Watoto wako shule hapo karibu. Sijui naenda wapi. Sikuombi uniamini, Mama Mita. Njoo tu ukae siku moja. Hesabu."

Hiyo notisi ndiyo kwanza naisikia. Nikamwambia, "Jumamosi nitakuja."

Jumamosi nilikuwa na mapumziko. Nilibeba kigoda nikaketi karibu na mfereji kutoka kufuli ilipofunguliwa asubuhi. Sikuwa na kitabu cha kazi, kwa hivyo nilirarua karatasi ya mfuko wa simiti nikachora mistari kumi na miwili. Kila mtungi uliojazwa nikapiga alama. Watu walinicheka. Fundi wa viatu wa mlango wa pili akasema, "Leo serikali imekuja na kigoda." Nikacheka nao, lakini sikuacha kuhesabu. Jioni nikarudi tena kwenye kigoda mpaka kufuli ikafungwa.

Kisha nikatazama karatasi. Hakuna mlango uliochota maji mengi. Wengine mitungi mitatu, wengine miwili, mzee mmoja anayeishi peke yake mtungi mmoja. Nikazidisha kwa siku za mwezi, nikajumlisha, nikapata ile ile iliyo kwenye mita. Hakuna wizi, hakuna sufuria. Nikagawanya kwa milango kumi na miwili. Katika mji mzima sikuwa na nyumba hata moja iliyotumia maji kidogo kama mlango mmoja wa ploti ile.

Nikaelewa. Zile ngazi zilihesabu mita, hazikuhesabu watu. Daktari na mkewe walianza chini peke yao wakapanda polepole. Lakini wale watu kumi na wawili na watoto wao walikuwa wamepandishwa mabegani mwa wenzao, mmoja juu ya mwingine, na yule wa juu akagonga dari. Kila mmoja alikuwa mtumiaji mdogo. Pamoja, mita iliwaona kama tajiri mmoja mwenye kiu.

Tena, wangepunguza nini? Bwana Mwanzia alikuwa na waridi za kupunguza. Syombua angepunguza nini, uji wa watoto? Ndiyo maana nasema bei inafunza na pia haifunzi. Inamfunza aliye na cha kuacha. Asiye na cha kuacha inamfukuza tu kutoka kwenye mfereji, anaenda kwa mkokoteni kununua maji ya bei kubwa zaidi, ambayo hata hajui yametoka mto gani.

Jumapili baada ya ibada nilirudi kwa ploti. Watu walikuwa nje wanakula, redio inaimba. Niliomba ipunguzwe. Mimi ni mtu wa kuongea, mnajua, lakini siku hiyo maneno yalitoka moja moja kama mfereji wa siku ya mgao.

"Mimi hapa nilimsema Syombua mbele yenu, kwa hivyo nimekuja kujisahihisha mbele yenu. Nilikosea. Si sufuria yake. Hakuna hata mmoja wenu anayemwaga maji. Ni mita moja na milango mingi. Syombua, nisamehe."

Syombua akasema, "Umekula?"

"Sijala."

"Keti basi. Mtu haombi msamaha na njaa."

Akanipakulia muthokoi. Mama Ndanu alikuwa amesimama mlangoni kwake amefunga mikono kifuani. Nikamwonyesha karatasi ya simiti. Aliisoma taratibu, midomo ikitembea. Aliishia kusema, "Aiya! Kumbe nilikuwa namfukuza mtu kwa makosa ya karatasi." Akamgeukia Syombua. "Ile notisi, itumie kuwashia moto." Kisha akanigeukia mimi. "Na bili? Bado ni yangu, Mama Mita. Kuomba msamaha hakuishushi."

Alisema kweli. Jumatatu nikaenda kwa meneja. Alikuwa kijana msomi, nadhifu, viatu vinang'aa hata mwezi wa vumbi. Nikaweka karatasi ya simiti kwenye meza yake ya kioo. Alisikiliza vizuri, kisha akasema, "Mama, mita moja ni mteja mmoja. Kompyuta haijui milango."

"Basi kompyuta ifundishwe. Mimi nilifundishwa desimali nikiwa mtu mzima."

Akatabasamu. Lakini akasema tena, "Na tukiwapunguzia bei, si watamwaga maji? Si wewe mwenyewe unatuhubiria kwamba bei inafunza?"

Nikamwambia, "Njoo ule muthokoi."

Nadhani alikubali kwa sababu ya njaa. Tulifika mchana. Syombua alimkaribisha, akamletea kigoda, akamnawisha mikono kwa birika, maji kidogo kabisa yakianguka ndani ya karai. Meneja akala. Akasifu. Wakati anakula, nilimwacha atazame. Syombua alichukua yale maji ya karai akamwosha mtoto wa mwisho miguu. Akachovya kitambaa humo humo akapangusa sakafu ya simiti. Yaliyobaki, meusi sasa, akaenda nayo nje akamwagilia sukuma wiki zilizopandwa kwenye gunia kando ya mlango. Hakuwa anaigiza. Ndivyo alivyofanya kila siku, wala hakujua kwamba mtu anatazama.

Meneja aliacha kutafuna. "Hayo ni maji niliyonawa?"

"Ndiyo," Syombua akasema. "Kwani ulikuwa unayataka tena?"

Nilicheka mpaka nikapaliwa na maharagwe. Meneja pia akacheka. Tulipofika langoni mwa ofisi akasema, "Watu hawa tutawafunza kubana maji? Sisi?"

Haikuwa kazi ya siku moja. Kulikuwa na mikutano, na katika mikutano kulikuwa na wale ambao kila jambo kwao lina ugumu. Mmoja alisema tena kwamba bei ikishuka watu watamwaga maji, na meneja akawasimulia habari ya karai. Miezi ikapita. Mama Ndanu alilipa bili ile kubwa kwa kuuza mbuzi, na kila akiniona njiani alinitajia rangi ya mbuzi. Kufuli ilibaki kwenye mfereji muda wote huo, na Syombua akaendelea na mkokoteni, faida yake imekonda, lakini akabaki mlango wa sita na watoto wakabaki shule yao.

Hatimaye ikaamuliwa: ploti zenye wapangaji wengi, yuniti zigawanywe kwa milango kwanza, ndipo ngazi zihesabiwe; na mwenye ploti akikubali, kila mlango upewe mita yake. Mama Ndanu alikuwa wa kwanza kukubali. Mafundi walizipanga zote kumi na mbili ukutani, safu mbili, karibu na lango, na watoto wa ploti wakachagua mita zao kama watu wanaochagua vifaranga. Mimi nilipiga magoti mbele ya kila moja, nikaandika sifuri kumi na mbili, nikafurahi kuliko siku ya harusi yangu, na marehemu mume wangu anisamehe.

Je, matumizi yalipanda? Mtaulizwa swali hilo, kwa hivyo jibuni kwa ukweli. Ndiyo, yalipanda. Miezi ya kwanza nilimwona meneja akikuna kichwa. Lakini mimi nilikuwa naona yanakoenda. Kufuli iliondolewa, kila mlango ukachota saa unayotaka. Watoto walianza kuoga kila mmoja na maji yake. Syombua aliacha mkokoteni, akaloweka mahindi yake kwa maji ya mfereji, akaongeza sufuria ya pili. Mzee wa mtungi mmoja akaanza kuchota miwili. Akawa anafua shati hata katikati ya wiki. Na yule fundi wa viatu, ambaye kabla ya kufuli aliacha mfereji ukidondoka akipiga hadithi kwa sababu maji ni ya Mama Ndanu, sasa aliufunga mpaka ukalia, na akawafokea wanaopita karibu na mita yake wasiiguse kwa bega. Bili ile ile moja ilikuwa imewafanya wengine wabane kupita kiasi na wengine wasijali kabisa. Walipopata kila mtu ya kwake, kila mtu akapata kipimo chake. Na walilipa. Wote.

Basi mkienda kazini, msiulize tu mita inasema ngapi. Ulizeni ni watu wangapi wanakunywa nyuma yake. Programu ya simu haitauliza kwa niaba yenu.

Nawaachia siku moja tu, kisha niwaandalie kuku chakula. Ni mwezi ule wa kwanza wa mita mpya. Bili zilitoka kumi na mbili, kila moja na jina lake, nami nikazigawa mlango kwa mlango. Mlango wa sita nilimkuta Syombua anapepeta maharagwe. Nikampa karatasi yake. Alipangusa mikono kwenye leso, akaishika kwa ncha za vidole, akasoma. Nilidhani anatazama bei. Bei ilikuwa ndogo kweli, nikataka kumwonyesha. Lakini kidole chake kilikuwa juu kabisa ya karatasi, pale penye jina, na kilikuwa hakisogei.

"Mama Mita."

"Eeh?"

"Hapa wameandika mteja, kisha wameandika mimi. Syombua. Majina yote matatu."

"Ndiyo. Wewe ndiye mteja."

Aliingia ndani. Nilimsikia akivuta kiti, kisha akigonga msumari ukutani. Alipotoka alikuwa anacheka kile kicheko chake cha zamani, cha kusikika mpaka mlango wa kumi na mbili, na akaniambia niingie nikaone ilivyokaa, hapo juu ya kitanda, ili kila anayekuja aisome kabla hajaketi.